Kilima cha Kumi na Tisa

Buhembe, Bukoba
21 Oktoba 2024

Dada yangu Judica,

Kasinge waitu. Natumaini mguu wako unaendelea kupona na migomba ya Kanazi imepata mvua kama yetu. Nakuandikia kwa karatasi, usinicheke. Tangu siku ile nilipotuma kwenye kundi la WhatsApp la chama maneno niliyokuwa nakuandikia wewe, kuhusu sauti ya mwenyekiti wetu Lilian anapoimba njiani, simu siiamini tena. Lilian alinijibu mbele ya wanachama wote: "Asante, Mwalimu. Nitaimba kwa chini." Hajaimba kwa chini hata siku moja.

Sasa sikiliza. Unajua kwamba baada ya kumzika mke wangu Kokwijuka nilikaa ndani miezi mingi nikitazama ukuta. Lilian, aliyekuwa nesi wake, ndiye aliyekuja kunitoa. Alisema nimefundisha jiografia miaka thelathini na minne na sijapanda hata kilima kimoja kati ya vile ninavyoviona dirishani. Ndivyo nilivyoingia Chama cha Wapanda Vilima. Tuko tisa. Tuna orodha ya vilima arobaini kuanzia hapa mjini hadi Muleba, na hakuna mwanachama aliyewahi kuvimaliza vyote. Mimi nimebakiza kimoja, Itunzi, kilicho nyuma ya kibanja cha Datius Rwekaza wa Muleba, mwanafunzi wangu wa zamani. Jumamosi ya tarehe 16 Novemba chama chote kinanisindikiza. Mbuzi amepatikana. Cheti kimechapwa na kuwekewa fremu. Lilian ameandika hotuba ya kurasa nne.

Dada, sijabakiza kimoja. Nimebakiza viwili.

Kilima cha kumi na tisa kinaitwa Rwabihe, nacho kiko Muleba hukohuko, nusu saa kwa miguu kutoka kwa Datius. Nilikwenda peke yangu Mei 2022. Nikiwa chini ya kilele mvua ilishuka, nikakimbilia nyumba ya mjane mmoja, anaitwa Annastella. Alinipa taulo, akaniweka jikoni karibu na moto, akanipa amwani, ile kahawa ya kutafuna, nisubirie maji yachemke. Kuni zake ni kavu sana, sijui anazihifadhije. Akanisimulia jinsi jogoo wake alivyomfukuza katekista mpaka yule bwana akapanda juu ya mparachichi na Biblia yake. Dada, nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi. Mvua ikakatika, sikuondoka. Ikaanza tena, tukamenya ndizi pamoja. Anamenya haraka, ganda moja tu, halikatiki. Nilipotazama saa ilikuwa imefika kumi na moja, kilele kiko palepale juu, mwendo wa dakika ishirini, na gari la mwisho la Bukoba linakaribia kuondoka.

Nikarudi nyumbani. Kwenye daftari la chama nikaandika: "Rwabihe. Nimefika. Hali ya hewa: mvua. Mandhari: nzuri." Nilijiambia nitarudi wiki inayofuata kukimalizia. Imepita miaka miwili na nusu.

Mpango wangu ni huu. Jumamosi alfajiri, kabla wenzangu hawajaamka, Datius anipeleke Rwabihe kimyakimya. Nikishuka, twende Itunzi na mbuzi na cheti, na orodha itakuwa kweli. Unaonaje?

Mdogo wako,
Projestus Rutashobya


Kanazi
26 Oktoba 2024

Projestus,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na miwani.

Unauliza naonaje. Naona umeandika uongo kwenye daftari, na sasa unataka kuufuta kwa kuamka mapema. Marehemu baba alikuwa mzee wa kanisa miaka ishirini. Hakutulea hivyo. Simama mbele ya wenzako useme. Mbuzi hatakataa kuliwa kwa sababu umesema kweli.

Jambo la pili. Umeniandikia mistari miwili kuhusu kilima na nusu ukurasa kuhusu jiko la mtu. Namjua jogoo wake, nazijua kuni zake, najua hata maganda ya ndizi zake yanavyodondoka. Kilima chenyewe hujaniambia kama kina majani au mawe. Mimi sikufundisha jiografia, lakini nadhani najua siku ile ulifika wapi.

Mguu haujapona, kwa hiyo Muleba siji. Niandikie yote, usiruke.

Dada yako,
Judica


Buhembe
29 Oktoba 2024

Mpendwa Datius,

Salamu kwako na kwa familia. Maandalizi yanaendelea vizuri. Mwenyekiti atakupigia kuhusu turubai.

Nina ombi la siri, nalo lisifike kwa mtu yeyote wa chama. Mwaka 2022 nilifika Rwabihe, pale kwa mama Annastella. Kuna jambo nililianza pale nikaliacha njiani. Limenisumbua tangu siku hiyo. Kwa umri wangu sipendi kuliacha nusu, na ningependa kulimaliza kabla ya sherehe, ili nisimame mbele ya watu nikiwa na moyo mweupe.

Nipeleke Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi. Sihitaji zaidi ya saa moja. Nitavaa mabuti.

Mwalimu wako,
P. Rutashobya


Muleba
5 Novemba 2024

Kwa Mama Judica, mkubwa wetu,

Kasinge waitu. Mimi ni Datius Rwekaza, niliyefundishwa na mdogo wako darasa la sita na la saba, na ambaye bado ninaogopa kuchora ramani mbele yake. Barua hii nimempa binti yangu Klaudia, anayekuja kwa shangazi yake hapo Kanazi. Ninakuandikia wewe kwa sababu wazazi wa Mwalimu wametangulia, na mkubwa wa nyumba ni wewe.

Mwalimu amenifungulia moyo. Anataka kumposa Annastella wa Rwabihe. Neno lenyewe hakulitaja, yeye ni msomi, lakini mtu mzima anapokuambia kuna jambo alilianza kwa mjane akaliacha njiani, na anataka kulimaliza ili awe na moyo mweupe, hapo hatuhitaji kamusi. Ameniagiza nisimwambie mtu wa chama. Wewe si wa chama.

Nimeshazungumza na mzee Isaac, shemeji yake Annastella. Atakuwepo Jumamosi alfajiri pamoja na mzee mwingine wa ukoo. Annastella mwenyewe nilipomdokeza aliniuliza kama Mwalimu bado anacheka vile kwa kushika ukuta. Mimi sijawahi kumwona Mwalimu akicheka.

Nina wasiwasi wa mambo mawili. Anasema hahitaji zaidi ya saa moja, na kwa posa hiyo ni haraka mno. Tena anasema atavaa mabuti. Familia inasemaje?

Mtoto wako,
Datius


Kanazi
8 Novemba 2024

Mwanangu Datius,

Klaudia amefika salama, ni binti mwenye adabu. Barua yako nimeisoma nikacheka mpaka mguu ukaniuma.

Nina sababu ya kuamini kwamba umemwelewa Mwalimu vibaya. Nina sababu kubwa zaidi ya kuamini kwamba umemwelewa kuliko anavyojielewa mwenyewe. Usimwandikie kitu. Waache wazee waje wakae.

Familia haina pingamizi. Habari ya yeye kuwa Mlutheri na mama huyo kuwa Mkatoliki watazungumza wenyewe, wakishajua kwamba wana la kuzungumza. Kuhusu mabuti, mwache avae. Kutakuwa na tope.

Judica


Buhembe
19 Novemba 2024

Dada Judica,

Uliniambia nisiruke. Najitahidi, ingawa yapo ambayo mtu mwenye akili angeyaruka.

Tulifika kwa Datius Ijumaa alasiri na mvua ndiyo iliyotupokea. Turubai la sherehe lilikuwa limejaa maji katikati, linaning'inia kama tumbo la ng'ombe mwenye mimba. Haidari, mwanachama mwenzetu mwenye duka pale Miembeni, alilisukuma kwa mpini wa ufagio ili maji yatoke pembeni. Yalitokea juu ya keki. Keki ilikuwa imeandikwa AROBAINI. Ikabaki ARO.

Jumamosi saa kumi na mbili Datius alikuja kunichukua akiwa amevaa suti. Nilidhani ni heshima kwa kilima. Tulishuka bondeni kwenye ukungu, tukapanda upande wa pili, na badala ya kushika njia ya kilele akanifikisha moja kwa moja kwenye mlango wa Annastella. Sakafu ilikuwa imetandikwa nyasi mpya. Wazee wawili wenye makoti walikuwa wameketi, mmoja ni shemeji yake, mzee Isaac. Nikapewa kiti na amwani. Mzee Isaac akauliza nimeleta habari gani asubuhi yote hii.

Mimi nilijibu kama ninavyojibu swali lolote. Nikasema nimekuja kwa sababu ya kilima. Nilikiona miaka miwili na nusu iliyopita, nikakikaribia, nikaishia njiani, na tangu hapo sijatulia. Wazee wakatazamana. Mzee Isaac akasema polepole kwamba kilima hicho si kidogo. Nikasema najua, nimekipima kwenye ramani. Yule mwingine akapaliwa na kahawa. Mzee Isaac akauliza kama kwa umri wangu nguvu za kukipanda ninazo. Nikamwambia asiwe na shaka, nimeshapanda thelathini na nane.

Nyuma ya pazia la jikoni Annastella alitoa sauti, nikadhani ameungua.

Kisha mzee Isaac akasema, "Mwalimu, kwetu hapa kilima ni kimoja, na anayekipanda hashuki." Nikasema hilo haliwezekani, nina saa moja tu, watu wananisubiri na mbuzi ameshachinjwa. Hapo Datius alininyanyua kwa mkono, akawaomba radhi kwa niaba yangu, tukatoka. Muda ulikuwa umekwisha. Rwabihe sikuipanda.

Njiani alinieleza nilichokuwa nimefanya. Nami nikamweleza nilichotaka kufanya. Datius aliketi kwenye jiwe, na suti yake, mvuani, akashika kichwa. Alipopata nguvu alikimbia kurudi kumwomba Annastella msamaha. Nikabaki pale njiani nikitamani ardhi ipasuke. Alirudi na jibu: "Mwambie Mwalimu asiombe msamaha kabla mimi sijakasirika." Nimeitafakari sentensi hiyo kuliko hotuba yote ya Lilian.

Saa tano tulikuwa kileleni Itunzi, watu tisa na miavuli tisa. Nilikuwa nimeamua kufuata shauri lako na kusema kweli palepale. Lilian alianza kusoma huku wino ukichuruzika. Ukurasa wa kwanza aliumaliza. Katikati ya wa pili Haidari aliinama, akaokota kitu kwenye nyasi, akasema neno moja tu: "Senene." Walikuwa wametua usiku, kilele kizima kimejaa wale panzi wetu watamu. Unawajua watu wetu. Miavuli yote iligeuzwa juu chini. Mwenyekiti mwenyewe alikunja ukurasa wa tatu na wa nne ukawa mfuko. Nikapaza sauti kwamba nina jambo la kuungama. Lilian, akiwa amepiga magoti huko mbali, akaniitikia, "Hongera, Mwalimu, hongera sana."

Basi niliungama mchana, chini ya turubai, wakati kila mtu ana nyama mdomoni na hawezi kukimbia. Nilisimama nikasema, "Rwabihe sikufika. Nilikaa jikoni kwa mtu nikinywa kahawa, na kwenye daftari nikaandika uongo." Nilitegemea wacheke. Hawakucheka, Dada. Haidari aliacha kutafuna. Hapo ndipo nilipojua kwamba watu hawa walikuwa wakijivunia mimi, si kile cheti. Lilian akainuka, akakichukua cheti kutoka mbele yangu, akakirudisha kwenye mkoba wake. Machozi yalikuwa yanamlenga. Akasema, "Mwalimu, nilikutoa ndani ya nyumba ile ili utembee. Sikukutoa ili ujaze daftari." Nilikaa nikatazama nyama yangu inavyopoa.

Baada ya muda akasema kanuni ni kanuni. Rwabihe ipandwe kesho baada ya ibada, na kwa kuwa neno langu limepungua, awepo shahidi.

Jumapili mvua ilinyesha kana kwamba ya Jumamosi ilikuwa majaribio. Wapanda vilima walitazama dirishani, na mmoja baada ya mwingine wakaanza kukumbuka magonjwa yao. Haidari alisema ana pumu. Lilian alikuwa tayari kwenda, ila kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba, alikitegua akifukuza senene. Nilikuwa mlangoni nafunga koti ili niende bila shahidi, ndipo Annastella alipoingia uani. Alikuwa anatoka misa, mwavuli mkononi, gauni la kanisani amelikunja na kulifunga kiunoni kwa kitenge. Habari zilikuwa zimeshamfikia. Akamwuliza Lilian kama shahidi ni lazima awe mwanachama. Lilian akamtazama juu hadi chini, akasema si lazima, awe tu na macho.

Kilima kina majani hadi nusu, kisha ni mawe. Ulitaka kujua. Annastella ameishi chini yake miaka thelathini na mmoja na hajawahi kufika juu. Anasema hakuwahi kuwa na mbuzi aliyepotelea huko. Nilianguka mara mbili. Mara ya pili suruali ilipasuka, tena mahali pabaya. Juu hakukuonekana kitu chochote. Ziwa halikuwepo, Muleba haikuwepo, miguu yetu wenyewe tuliiona kwa shida. Tulikaa pale nusu saa tukizungumza.

Nilirudi kwa Datius nimevaa suruali ya marehemu mume wa Annastella, fupi kwa inchi nne, inaishia juu ya mabuti. Chama chote kilinitazama. Lilian alimwuliza shahidi kitu kimoja tu, kama nimefika. Annastella akasema amefika. Lilian akafungua mkoba, akanipa cheti, akaanza kuimba, kwa sauti yake yote, nami nikaimba naye.

Uliniambia nisiruke. Tulichozungumza kileleni nakiruka.

Mdogo wako,
Projestus


Rwabihe, Muleba
26 Novemba 2024

Mwalimu Projestus,

Nakusalimu. Barua yako imefika Jumapili kwa mkono wa Datius, ambaye bado hawezi kunitazama usoni.

Unauliza kama nilisikia ulichoniambia kule juu, maana upepo ulikuwa mkali, na kwamba kama sikusikia basi tuyaache yapite. Nilisikia. Nilipokuomba urudie, upepo haukuhusika.

Mzee Isaac anasema tangu azaliwe hajasikia posa iliyosemwa kwa mafumbo mazuri kama yale, na hakubali kabisa kwamba ulikuwa unazungumza habari za kilima. Nimemwacha. Mimi nyuma ya pazia nilijua ni kilima, ndiyo maana nilicheka. Lakini nikwambie na hili. Mlipoondoka nilikaa jikoni na gauni langu zuri, nikalia kidogo. Nilikuwa nimeamka saa tisa kutandika zile nyasi. Nakuandikia ili ujue kwamba si kila kitu cha asubuhi ile kilikuwa cha kuchekesha.

Sasa yangu. Mimi ni Mkatoliki na nitabaki Mkatoliki. Nimemwuliza padri, akasema kuna utaratibu, akanipa karatasi mbili, moja ni yako. Wanangu nimewapigia simu. Mkubwa aliuliza kama ni yule aliyenywa kahawa mpaka jioni. Kumbe niliwahi kumsimulia. Bukoba sihamii. Kibanja hiki nimekilima kwa mikono yangu na sitakiachia magugu. Wewe umestaafu, na vilima vyako vimekwisha. Lifikirie hilo bila haraka, uliandike kwenye daftari lolote unalotaka, mradi liwe kweli.

Jumamosi natandaza nyasi kwenye migomba ya upande wa chini, na ni kazi ya watu wawili. Ukija, njoo asubuhi. Suruali yako nimeishona na imekauka. Ile ya marehemu usiirudishe. Ivae tu, ni ya kazi.

Annastella